Kiti cha Kulia

Watu wa Karatu wakiniona napita na lori langu huwa na swali moja tu: linabeba nini? Nikiwaambia halibebi kitu, wananitazama kama mtu anayewaficha jambo. Kokoto? Hapana. Vitunguu vya Mang'ola? Hapana. Mahindi basi, au mbao? Jamani, nimesema halibebi kitu! Ni langu, nalipenda, nalitengeneza, nalitembeza kidogo, nalirudisha nyumbani. Hapo mtu anaguna, anaaga, na najua akifika kona ya kwanza atamwambia mwenzake kwamba yule mzee amechanganyikiwa tangu astaafu.

Sijachanganyikiwa. Nina hasira za karibu, hilo nalikubali, na mdomo wangu hutangulia kichwa. Mke wangu aliwahi kusema kwamba Mungu aliniumba vizuri, ila alisahau kunifungia breki za mdomo. Nilicheka siku hiyo. Sasa hivi sicheki.

Nilikuwa dereva wa watalii kwa miaka ishirini na sita. Nimeshuka kreta ya Ngorongoro mara nyingi hadi wageni wakisema "wau" mimi napiga miayo. Mapenzi ya malori ya jeshi yalinianza huko juu, msimu mmoja wa mvua, tulipozama kwenye tope tukiwa magari matatu na wageni wanalia baridi. Likaja lori la jeshi la matairi sita. Dereva wake alifunga kamba, akatutoa mmoja mmoja kama mtu anayeng'oa karoti, akaondoka. Namwonea wivu yule bwana mpaka leo.

Mwaka niliostaafu likatoka tangazo kwamba magari chakavu ya jeshi yatapigwa mnada Arusha. Yatauzwa kama yalivyo na mahali yalipo, ndivyo tangazo lilivyosema, yaani ukishanunua usimrudie mtu na malalamiko. Mke wangu akasema anakuja na mimi akamsalimie dada yake. Nilijua anakuja kunizuia. Hakufanikiwa. Yalikuwa yamepangwa uani, majani yameota hadi usawa wa milango, na moja lina kiota cha ndege kwenye bomba la moshi. Nililala chini nikaingia uvunguni na shati langu la kanisani, nikagonga chesisi kwa spana kuanzia mbele hadi nyuma, nasikiliza. Chuma kizima kina mlio wake, na chuma kilicholiwa na kutu kina mlio wake. Hili lilikuwa zima. Niliponyoosha mkono mara ya mwisho na dalali akagonga meza, mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Usukani wake ulikuwa kushoto. Niliuona, nikaupuuza, nikasema usukani ni usukani. Ona sasa ujinga wa mtu mzima! Miaka yote hiyo barabarani na sikufikiria jambo dogo kama hilo. Kwetu magari yanapita upande wa kushoto wa barabara. Dereva naye akikaa kushoto, mbele yake kukiwa na lori jingine, haoni kitu ila makalio ya lori hilo. Anayeona kama njia iko wazi ya kupita ni yule aliyekaa kiti cha kulia.

Tulichukua siku mbili kuliamsha. Betri mpya mbili, chujio la dizeli, kutoa hewa kwenye pampu, na maombi. Siku ya tatu tukatoka mjini, na kabla hatujafika mbali nikajikuta nyuma ya lori la saruji linalotambaa. Nikaanza kuchungulia. Nachomoza pua ya gari, narudi. Nachomoza, narudi. Mke wangu, aliyekuwa amenuna tangu mnadani, akasema bila kunigeukia:

"Bado."

Nikatulia. Mabasi mawili yakaja kutoka mbele yakapita kwa kasi, upepo wake ukatutikisa.

"Haya," akasema.

Nikapita. Hivyo ndivyo alivyopata ile kazi, na hakuna aliyemwomba wala aliyempa. Kuanzia siku hiyo mimi naendesha na yeye anaona. Nikifika nyuma ya gari nauliza, "Vipi?" na yeye anajibu neno moja kati ya mawili yake. Hakuwa na maneno mengine ya kazi. Alisema "nenda" si neno zuri kumwambia mume. Na alikuwa akinitania mbele ya majirani kwamba kiti chake kinaitwa kiti cha kulia kwa sababu nikishika usukani mimi, lazima mtu alie.

Raia hatembei na rangi ya jeshi, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulipaka rangi. Yeye alichagua rangi ya udongo wetu wa Karatu, ule mwekundu, akasema angalau vumbi halitaonekana. Mwaka uliofuata nikanunua la pili, mfu kabisa, la kuchinja. Sisi mafundi tukisema gari la kuchinja maana yake ni la kutolea spea: leo unang'oa nozeli, kesho difu, keshokutwa kioo. Mke wangu alipoliona linaburutwa kuingia uani alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Sasa yamekuwa mawili," akasema. "Karibu yatazaa."

Lakini kila Jumamosi alikuwa nami. Kuna kazi kwenye gari ambazo mtu mmoja hawezi. Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, kwa mfano: mmoja anakaa juu anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini anafungua na kufunga. Mimi naita kutoka uvunguni, "Kanyaga!" Yeye anajibu kutoka juu, "Nimekanyaga!" "Achia!" "Nimeachia, baba!" Mtaa mzima ulikuwa unatusikia. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alisema akisikia kelele hizo anajua ni Jumamosi, hana haja ya kalenda.

Safari zetu hazikuwa na maana yoyote kwa mtu wa nje. Tulikwenda Mang'ola kununua kigunia cha vitunguu ambavyo sokoni Karatu vimejaa tele. Mara moja tulikwenda hadi Engaresero, kupitia Mto wa Mbu na ile njia ya mawe, siku nzima, tukalala nyuma ya lori chini ya turubai. Asubuhi watalii kwenye kambi walikuja kulipiga picha lori wakauacha mlima wa volkano waliokuja kuuona. Mama mmoja wa Kimaasai mwenye shanga za kuuza alimuuliza mke wangu kama sisi ni wanajeshi. Mke wangu akamjibu kwamba yeye ndiye afande na mimi ni kuruta. Walicheka wale wanawake mpaka shanga zikasahaulika. Nilikuwa nimelala uvunguni napaka grisi, najifanya sisikii, na nakumbuka nilifurahi sana. Sikumwambia.

Sijui ilianza lini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sijui. Alianza kupiga teke bakuli langu la boliti. Ninapofungua kitu huwa naweka boliti zote kwenye bakuli la bati, chini, upande wa kulia, na yeye analijua. Akaanza kulipiga teke, boliti zinatawanyika uani, mimi nafoka: "We mama, unatembeaje?" Anapiga magoti, anaziokota kwa kupapasa, anasema pole. Chai akaanza kuimimina nje ya kikombe. Kanisani akaacha kwenda ibada ya jioni. Nilisema ni uzee, na mimi pia nilikuwa nazeeka, nani asiyezeeka?

Na "bado" zikaongezeka. Zamani tulikuwa tunapita gari bila shida. Sasa nikiuliza "Vipi?" ni bado. Nauliza tena, bado. Tunatambaa nyuma ya trekta kutoka Rhotia hadi mjini, magari ya watalii yanatupita foleni nzima, vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe wananipungia mkono na kunipigia honi ya utani. Nikaanza kumsema. Siku hizi una bado nyingi. Siku hizi umekuwa mwoga kama kuku. Yeye anasema tu, "Si tutafika tu, baba?"

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Mto wa Mbu na mkungu wa ndizi. Tulipanda ule mlima wa Manyara nyuma ya lori la nondo, mwendo wa kinyonga, injini inachemka na mimi nachemka. Tukamaliza mlima. Tukafika pale ambapo barabara inanyooka kidogo. Nikauliza, vipi? Bado. Nikauliza tena. Bado. Hapo nikapandwa na mori.

"Mama, tutalala hapa leo? Hata mtu mwenye jicho moja angeshaona kwamba hapa ni peupe!"

Aliinama mbele hadi paji lake la uso likakaribia kioo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Haya."

Nikatoka. Basi lilikuwa linakuja, kubwa, taa zimewaka mchana kweupe, liko karibu mno. Sijui miguu yangu ilifanya nini. Najua nilikanyaga breki kwa yote miwili, lori langu likapiga kelele, nikalirudisha nyuma ya lile la nondo kwa unene wa kiganja. Basi liliingia kwenye majani upande wake, likayumba, likarudi barabarani na honi yake inalia hadi lilipopotea. Hakuna aliyeumia. Ndizi zote zilimwagika.

Nilisimamisha gari pembeni. Dereva wa nondo naye akasimama, bodaboda wakaja, watu wakatoka mashambani na majembe yao, unajua watu wanavyoota sehemu kama hiyo. Na mbele yao wote nikamgeukia mke wangu.

"Una macho ya nini wewe? Ya urembo? Bora kwenye hicho kiti nifunge mbuzi!"

Watu wengine walicheka. Kicheko cha woga labda, lakini walicheka. Yeye alifungua mlango, akageuka, akashuka kinyumenyume, na mguu wake ulikuwa unaitafuta ngazi, unapapasa hewani, unaikosa, unapapasa tena. Niliuona ule mguu. Nilikuwa naangalia moja kwa moja na sikuelewa nilichokiona. Akapanda bodaboda, akaenda nyumbani. Mimi nikabaki naokota ndizi.

Hakupanda tena. Nyumbani hakuninyima kitu. Chakula nilipewa, salamu nilipewa, maji ya kuoga yalikuwa tayari. Jumamosi nikilala uvunguni naye yuko jikoni, nasikia sufuria. Niliona aibu kumwita. Mara mbili tatu nilifungua mdomo nimwombe radhi, mdomo huuhuu unaofunguka wenyewe kwa matusi, na ukakwama. Nikajiambia yatapita. Nikajiambia na yeye alikosea, alikaribia kutuua. Nilikaa na hasira yangu kwa wiki kadhaa kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake.

Binti yetu anaishi Moshi. Alikuja kutusalimia na mtoto wake, akamlaza mtoto kwenye mkeka, na mchana uleule mama yake akapita akamkanyaga mtoto mkono. Binti yangu hakufoka kama mimi. Alimshika mama yake mabega, akamweka mbele ya dirisha, akainua kidole pembeni mwa uso wake.

"Mama, vidole vingapi?"

"Wapi?" akauliza mke wangu.

Niliyasikia hayo nikiwa mlangoni na spana mkononi.

Tulikwenda wote hospitali, Moshi, kwa basi. Daktari alikuwa mtu mpole, kijana kuliko binti yetu. Alimuuliza ameanza lini kuona giza pembeni. Mke wangu alizungusha kona ya kanga yake kwenye kidole, akasema, "Kama miaka mitatu." Nilidhani amekosea, nikataka kumrekebisha. Akaendelea mwenyewe. Alisema anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Ni presha ya macho. Daktari akasema jicho la kulia limekwisha zamani na halitarudi, la kushoto limebaki kipande, tulilinde na matone kila siku. Akauliza kama kuna aliyegundua kitu nyumbani. Mke wangu akasema, "Nilikuwa najificha, daktari." Alinikinga hata pale.

Mimi ni mtu ambaye nati ikilegea kwenye propela chini ya gari, kwenye vumbi, madirisha yote wazi, naisikia. Nikiamka asubuhi nikaona tone moja la mafuta chini ya gari, najua limevujia wapi. Mke wangu amepofuka kando yangu miaka mitatu, umbali wa mkono, na sikusikia kitu. Nilirudi Karatu peke yangu na basi lile, kwa sababu yeye alibaki kwa binti yetu, karibu na daktari, na njia nzima nilikuwa nazikumbuka zile "bado" zake moja moja. Kila bado ilikuwa na maana ya sioni. Hakudanganya hata mara moja. Alipokuwa haoni alisema tusubiri, akatuweka hai wote wawili, na mimi nikamwita mwoga mpaka akasema haya.

Walisema atakaa mwezi mmoja. Ukawa mwezi wa pili, wa tatu, wa nane. Nikipiga simu tunaulizana kama tumekula. Umekula? Nimekula. Na wewe? Nimekula. Macho? Yako vilevile. Gari? Lipo. Hamna zaidi. Nikiuliza atarudi lini anasema, "Tutaona," kisha anacheka kidogo kwa neno lenyewe. Nilikuwa na hakika harudi. Nani arudi kwa mtu aliyemlinganisha na mbuzi mbele ya watu?

Nilijifunza mambo mapya. Nilikata gongo la mti urefu wa kutoka kiti hadi pedeli ya breki, nalikaza pale, nashuka, naingia uvunguni, nafungua, nafunga, natoka, napanda, nalitoa gongo, nalirudisha, nashuka tena. Kazi iliyokuwa ya nusu saa ikawa ya mchana mzima. Siku moja bila kufikiri niliita "Achia!" nikiwa chini, nikasubiri. Gongo haliachii. Nililala pale chini nikilitazama tumbo la gari na machozi yananiingia masikioni, mzee mzima, na nilipotoka jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama getini kwake. Alinisalimia tu akaingia ndani. Namshukuru kwa hilo.

Binti yangu, kwa kunionea huruma, aliniingiza kwenye kundi la simu la watu wa Ulaya wenye malori kama langu. Wanaonyeshana picha, wanakutana mashambani kwao, wana mahema, wanakaanga nyama. Niliweka picha yangu na mimi. Wakanipa vidole gumba vingi. Mmoja akaandika kuuliza nani anakaa upande wa pili wakati wa safari, kwa kuwa nchi yetu inaendesha kushoto. Sikumjibu. Nililizima lile kundi.

Mwishoni niliamua kwenda kumfuata. Singeweza kuomba radhi kwenye simu, na singeweza kwenda na basi kama mgeni. Nilitaka anione, namaanisha asikie, kwamba nimekuja na gari letu. Niliondoka Karatu alfajiri. Nilikuwa nimeshona mto mpya wa kiti cha kulia, nimefunga kamba ya kushikia kwenye ngazi ili mguu usihangaike. Na kutoka Karatu hadi Moshi sikupita gari hata moja. Nilikaa nyuma ya kila kitu: malori, matrekta, mkokoteni wa punda Makuyuni, pikipiki ya kuku Tengeru. Madereva walinipigia honi, walinitukana, mmoja alinionyesha ishara nisiyoweza kuiandika. Nilifika jua linazama.

Alikuwa ameketi barazani. Alinyanyuka kabla sijazima injini.

"Nozeli ya tatu inakohoa," akasema.

"Shikamoo ya kwanza hiyo?" nikauliza, nikishuka.

"Umekuja peke yako? Nani alikuwa anakuangalizia?"

"Hakuna mtu."

"Umepita magari mangapi?"

"Hakuna hata moja."

Alicheka, kisha akaacha. Nikakaa karibu naye kwenye benchi na nikasema pale pale kabla mdomo haujakwama. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Kwa lipi?"

"Lile la mbuzi."

"Ulisema kweli," akasema. "Mbuzi angeliona lile basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alipapasa akaupata mkono wangu, wenye grisi zake zote.

"Ningekuambia, ungenishusha."

Ilikuwa kweli. Ningemshusha siku hiyohiyo, tena kwa maneno ya upole, ningemwambia pumzika nyumbani mke wangu. Tulikaa hivyo mpaka binti yetu akaja kutuita chakula. Mke wangu alisema anarudi nyumbani. Alisema amechoka kulala kwenye chumba kisicho na kelele za chuma. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Asubuhi nikapasha injini. Binti yetu akaleta begi na chupa za matone, nikaviweka. Mke wangu alikuja mwenyewe, akaugusa mlango, akaushika mto mpya, akaushika tena, akapata ile kamba ya ngazi akaivuta kuona kama imekaza. "Umeshona vizuri," akasema. Kisha akaurudisha mkono wake ndani ya kanga.

"Mimi napanda basi."

"Bado una hasira?"

"Sina hasira hata kidogo."

"Basi panda, mama. Utakaa tu. Sitapita gari lolote, nimeshajaribu, inawezekana."

"Nikikaa pale utaniuliza," akasema. "Na mimi nitakujibu."

Nikamwambia sitauliza. Nikamwapia kwa Mungu mbele ya binti yetu.

"Utauliza kabla hatujafika hata Bomang'ombe," akasema, bila ubaya wowote, kama anayeniambia mvua itanyesha.

Tukampeleka stendi. Nilimkalisha dirishani, nikamwagiza konda amshushe Karatu mkononi mwa jirani yetu, nikapiga simu jirani akampokee. Basi likatoka. Nikaliwasha langu nikaliandama, nikijua nitaliona dakika chache tu, na ndivyo ilivyokuwa; lilipita lori la mchanga, likapita jingine, likaondoka na mke wangu. Mimi nikabaki nyuma ya lile la mchanga. Linapanda polepole, vumbi laini linanimwagikia kwenye kioo, na mimi mawazo yako kwake, kama amepata hewa dirishani, kama konda ni mtu mwema.

"Vipi?" nikauliza.

Bomang'ombe ilikuwa bado mbele.